Dakika Ishirini kwa Mama Lusesa

Mwaka ule wa sabini na tatu, treni ya abiria iliyotoka Tabora kwenda Mwanza ilikuwa ikiingia Shinyanga saa mbili na nusu asubuhi na kukaa stesheni mpaka saa tano, ikingoja kupishana na ile ya kutoka Mwanza. Abiria walishuka, wakanyoosha miguu, wakanunua mayai ya kuchemsha na vipande vya miwa, kisha wakarudi ndani kusinzia. Wazungu wa daraja la kwanza ndio waliosumbuka zaidi. Walitembea kutoka mwisho huu wa stesheni hadi mwisho ule, wakasoma mbao zote zilizoandikwa, wakaanza upya.

Bwana Nkwabi, ofisa utamaduni wa wilaya, aliona kwamba muda ule unapotea bure. "Mtu anapita kwetu," alisema ofisini, "akifika kwao akiulizwa Shinyanga ikoje, anasema ni benchi la stesheni." Akaomba Landrova ya halmashauri kwa siku za Alhamisi, na kazi ya kuwatembeza wageni akampa karani wake, Eufrasia.

Eufrasia alikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa katekista wa Nkome, kule ziwani. Masista walikuwa wamemsomesha, na Kiingereza chake kilitoka bila kukwama. Kisukuma alikijua pia, maana ndicho alichokisikia sokoni na gulioni tangu akiwa mgongoni. Kazi ile aliipenda mno. Kabla ya kumchukua mgeni wa kwanza, alizunguka mji mzima na dereva, Mzee Mageni, saa ikiwa mkononi, akipima kila kituo kitakula dakika ngapi.

Kiwanda cha kuchambua pamba, dakika ishirini na tano wakati wa msimu. Nje ya msimu kumi zilitosha, kwa kuwa mashine zilikuwa zimenyamaza. Sokoni dakika ishirini, waone dengu, tumbaku ya Ushetu na dagaa wa kwao Nkome. Dukani kwa Lalji dakika ishirini nyingine. Mkewe Lalji, Kantaben, aliwapa wageni chai ya tangawizi na bajia za moto, lakini sababu kubwa ya kupita pale ilikuwa choo, kwa sababu cha stesheni hakikufaa kuonyeshwa mtu. Na mwisho Kizumbi, nje kidogo ya mji, nyumbani kwa Mama Lusesa. Hapo pia dakika ishirini.

Mama Lusesa, jina lake mwenyewe Mbuke, alikuwa mjane mwenye mji safi uliozungukwa na uzio wa minyaa. Nyumba yake ilikuwa ya msonge, ya nyasi, mojawapo ya chache zilizobaki upande ule. Mwanawe Lusesa alikuwa Ushetu akilima tumbaku, na nyumbani aliishi na mkwewe Nyamizi na mjukuu mmoja, Scolastika, msichana wa miaka mitano. Wageni walipofika, Mbuke alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia akasaga mtama kidogo, nao wakapiga picha.

Ukweli ni kwamba unga wa mji ule ulisagwa kwa mashine, kama wa watu wote. Jiwe lilikuwa la marehemu mama mkwe wake, na kabla ya Eufrasia kuja lilikuwa likitumika kuzuia mlango wa banda la kuku. Siku ya kwanza Mbuke alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwanangu, watu hawa wametoka kwao wapande ndege, wapande treni, waje kuona jiwe?" Lakini alikubali, na Eufrasia akawaambia wageni kwamba mama huyu husaga hivi kila alfajiri. Ulikuwa uongo mdogo, uongo wa kupendezesha mambo, na kila Alhamisi ulizidi kuwa mwepesi kinywani.

Kwa hiyo walikuwa wamezoeana. Eufrasia alimwita mayu, yaani mama, naye aliitwa mwanangu. Baada ya safari alimpelekea sukari na sabuni kutoka ofisini, na mara nyingine alikwenda Jumapili, bila mgeni yeyote, akakaa jikoni akimenya viazi na Nyamizi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane walishuka wageni watatu: mwalimu mmoja wa Kizungu, mkewe, na dada wa mkewe. Treni ilikuwa imechelewa kwa dakika arobaini, lakini saa ya kuondoka haikubadilika. Eufrasia akaliacha soko. Kwa Lalji, Kantaben aling'ang'ania kuwaongezea chai, na ikawa saa nne na robo walipoingia Kizumbi. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma vumbi, na wanawake wale wawili walikuwa wamejifunga vitambaa puani, wakicheka.

Mbuke alitoka mbio kabla gari halijasimama vizuri. Hakuwa amejifunga khanga zake za wageni. Alimshika Eufrasia mkono, akasema kwa Kisukuma:

"Afadhali mmekuja, mwanangu. Scolastika ana moto tangu jana jioni. Shingo imekakamaa, analia kichwa, usiku kucha ametapika. Nyamizi ametoka kutafuta baiskeli mpaka sasa hajarudi. Mtieni garini mnipeleke hospitali."

Eufrasia alisikia kila neno. Alimtazama Mbuke, akawatazama wageni waliokuwa wakishuka wakikung'uta vumbi, akaiona safari yake yote ikigeuka kuwa kitu kingine: mtoto anayetapika amelazwa kwenye viti walivyokalia, mama wa watu analia, na wazungu wale wakienda kusimulia kwao kwamba Shinyanga waliona ugonjwa na dhiki. Hilo ndilo lililompitia moyoni. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba aliogopa wageni wataikosa treni, lakini hospitali ilikuwa kwenye njia ileile ya kurudi stesheni, na yeye ndiye aliyeipima njia hiyo.

Mke wa mwalimu akauliza kwa upole, "Mama anasema nini?"

"Anawakaribisha," Eufrasia alijibu kwa Kiingereza. "Anasema mmefanya vizuri kuja, na anaomba msiondoke upesi, mkae naye."

Wageni wakatabasamu wote watatu. Yule mke wa mwalimu aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa mbele ya Mbuke kwa heshima. Mbuke akawatazama mmoja mmoja usoni, kama mtu asiyeamini anachokiona.

"Mayu, ngoja kidogo tu," Eufrasia akamwambia, sasa kwa Kisukuma. "Hawa wana treni. Nikishawafikisha narudi na gari hilihili. Nusu saa."

"Nusu saa?"

"Haizidi. Wasagie kidogo waone, tuondoke upesi."

Mbuke alipiga magoti. Hakutia hata punje ya mtama. Alisugua jiwe juu ya jiwe, haraka haraka, macho yake yakiwa mlangoni, na kamera zikalia. Ndani mtoto akatoa sauti, si kilio hasa, kama mlio wa mwanakondoo. Dada wa yule mke akageuka.

"Kuna mtoto?"

"Amelala," alisema Eufrasia. "Usingizi umemkatika."

Mzee Mageni alikuwa ameegemea mlango wa gari. Alikuwa Msukuma wa Kizumbi hapohapo, na hakuna neno lililompita. Alifungua mlango, akawapandisha wageni, akaendesha kwa kasi ambayo Eufrasia hakuwahi kuiona kwake. Walipopita mbele ya hospitali alipunguza mwendo, akamtazama kwenye kioo, na Eufrasia akatazama nje upande mwingine.

Walifika stesheni saa tano kasoro robo. Bwana Nkwabi alikuwa pale, amevaa suti yake ya Kaunda, amekuja kuwaaga wageni mwenyewe. Yule mwalimu akampa mkono akasema kwamba katika safari yao nzima hawajatembezwa vizuri namna hii. Nkwabi akamgeukia mkuu wa stesheni, akasema, "Huyu ndiye binti niliyekuambia." Kisha akamwambia Mageni, "Nipeleke bomani. Nina kikao."

Hapo Eufrasia angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: kuna mtoto mahututi Kizumbi, nimeahidi gari. Lakini kuyasema kungemlazimu aeleze kwa nini hakumchukua mtoto walipokuwa njiani, na sifa alizopewa zilikuwa bado za moto masikioni. Gari likaondoka na Nkwabi.

Alirudi ofisini kwa miguu, akakaa mbele ya mashine ya kuandikia bila kupiga herufi. Mageni alikuja saa saba na nusu. Hakuzima injini.

"Panda," alisema. Na walipokuwa wameshatoka mjini, akaongeza, "Nilikuwa nakungoja useme. Mimi ni dereva, mwanangu. Siwezi kumnyang'anya bwana mkubwa gari. Lakini wewe ungeweza kusema."

"Kweli, baba."

"Na mimi pia ningeweza," alisema Mageni. "Usidhani najitoa lawamani."

Mji wa Mbuke ulikuwa mtupu. Jirani akawaambia kwamba Nyamizi alirudi na baiskeli ya kuazima muda mrefu baada ya gari kuondoka, kwamba walingoja kwanza wakitazama barabarani, kwa sababu mama alisema gari linarudi, na kwamba jua lilipokuwa juu ya vichwa ndipo walipochoka kungoja wakamfunga mtoto mgongoni wakaenda naye hospitali.

Hospitali walimkuta Mbuke barazani, ameketi sakafuni miguu ameinyoosha. Mtoto alikuwa ndani akichomwa sindano. Mganga alisema ni homa ya uti wa mgongo. Eufrasia alichuchumaa mbele ya mama yule, akasema gari lilichukuliwa na mkubwa, na hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

"Najua si wewe," alisema Mbuke. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wewe uliwaambia. Niliwaona kwa macho yangu. Nimewaambia mtoto anakufa, wao wakanichekea. Yule mwanamke akaniinamia kabisa, kama ananitania. Watu wenye treni hawana moyo."

Eufrasia alifungua kinywa. Nyamizi akatoka ndani wakati huo, wote wakainuka kumsikiliza, na nafasi ikapita. Angalau ndivyo alivyojiambia, kwamba nafasi ilipita. Siku tisa mtoto alizolala pale, Eufrasia alikwenda kila jioni na uji kwenye chupa, na kila jioni nafasi ilikuwapo.

Scolastika hakufa. Walirudi naye nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, na watu wakaja kumshukuru Mungu. Wiki ya pili sufuria ilimponyoka Nyamizi nyuma ya mgongo wa mtoto ikaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika, na Scolastika akaendelea kuchambua maharage. Nyamizi akamwita. Akamwita tena. Eufrasia alikuwa amekaa hapohapo, na aliona uso wa Nyamizi ulivyobadilika.

Alimwuliza mganga kama saa zile zingeleta tofauti. Mganga alikuwa mtu mwema, hakutaka kumwumiza mtu ambaye hakujua sababu yake ya kuuliza. "Huenda ndiyo, huenda hapana," alisema. "Ugonjwa huu, kila saa ina maana. Lakini hakuna anayeweza kukuambia." Jibu hilo aliondoka nalo, na lingekuwa rahisi kulibeba kama lingekuwa limeelemea upande wowote.

Safari za Alhamisi ziliendelea, ila kituo cha Kizumbi alikifuta. Alimwambia Nkwabi kwamba barabara imeharibika. Wageni aliwapeleka kwenye karakana ya mhunzi badala yake, na alipowaeleza jambo alilisikia likitoka mdomoni kama la mtu mwingine. Sukari na sabuni aliendelea kuzipeleka, sasa kwa mshahara wake. Mbuke alizipokea akisema wabeja, asante, mwanangu. Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko tusi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ilikuja barua. Ndani mlikuwa na picha tatu na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, kwa Mama Lusesa wa Kizumbi, kupitia ofisi ya utamaduni. Nkwabi alifurahi kama vile barua ni yake. "Nenda ukamsomee," alisema. "Halafu uniletee jibu lake, nitalitia kwenye ripoti."

Eufrasia alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Njiani alikuwa ameisoma mara mbili, na alijua kwamba angeweza kuitafsiri namna yoyote apendayo. Nani angejua? Alimkuta Mbuke kivulini mwa nyumba akipepeta karanga, Scolastika pembeni yake. Aliamkia, "Mwangaluka, mayu," akapewa kigoda. Mbuke aliziangalia picha kwa mkono ulionyooshwa, akamwona mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe, akazirudisha.

"Wanasema nini, watu wale?"

Eufrasia akasoma kwa Kisukuma, sentensi moja moja, bila kupunguza wala kuongeza.

"Wanasema, Mama mpendwa, tunakukumbuka sana. Wanasema, mpaka leo tunaona vibaya kwamba ulitusihi tukae nawe na sisi tukakimbilia treni. Wanasema, hakuna mtu aliyewahi kutukaribisha kwa maneno mazuri kama yale. Wanasema, kama kungekuwa na jambo lolote tungeweza kukufanyia siku ile, tungelifanya kwa furaha."

Ungo ulisimama.

"Soma tena hapo pa kukaa," alisema Mbuke.

Alisoma tena.

"Mimi sikuwasihi wakae. Niliwaambia mtoto anakufa."

"Ndiyo, mayu. Sikuwaambia." Aliendelea upesi, kwa sababu alijua akikatika hatarudia. "Waliponiuliza unasema nini, niliwaambia unawakaribisha. Niliona aibu wamwone mgonjwa. Hawakujua kuna mtoto anaumwa. Niliwaambia amelala."

Mbuke hakulia wala hakupandisha sauti. Alitazama picha zilizokuwa mapajani mwa Eufrasia, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akizipanga karanga kwa mistari.

"Uliona aibu," alisema. "Kwa ajili yetu."

"Ndiyo."

"Miezi sita nimewalaani watu wale. Usiku nikiamka nawalaani. Na wewe unakuja hapa, unakaa jikoni kwangu, unamenya viazi." Akauweka ungo chini. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika jibu. Waambie nilichosema siku ile, kama nilivyokisema. Waambie mtoto ni mzima lakini hasikii. Waambie sikuwajua, nikawadhania ubaya, wanisamehe. Na usiongeze neno lako hata moja, Eufrasia."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina.

Aliandika pale pale kwa Kiingereza, juu ya goti, akamsomea tena kwa Kisukuma mara mbili mpaka Mbuke akaridhika. Alipoinuka kuaga, Mbuke alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Nyamizi, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, hakutokea kumsindikiza.

Nkwabi aliisoma barua ile amesimama, akaketi, akaisoma tena. "Hii haiwezi kutoka ofisini kwangu," alisema. "Andika nyingine. Mistari mitatu, ameshukuru, basi."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeshamsemea uongo mara moja."

Aliitia posta mwenyewe kwa stempu zake. Mwezi uleule aliondolewa kwenye wageni, akahamishiwa masijala, chumba cha nyuma chenye mafaili na harufu ya dawa ya mchwa. Wenzake walijua, kwa kuwa Nkwabi hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alipoingia chumbani mazungumzo yalibadilika. Hata Kantaben, aliyekuwa akimwita dukani kwa mbali, sasa alimpimia sukari akitazama mizani. Hakuna aliyemtukana. Mageni peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimia kama zamani, na hata salamu yake hiyo Eufrasia aliiona kubwa kuliko alivyostahili.

Safari za Alhamisi alipewa kijana mmoja mcheshi, zikafa zenyewe mwaka uliofuata ratiba ya treni ilipobadilishwa.

Eufrasia hakuacha kabisa kwenda Kizumbi. Alikwenda mara moja zaidi mwaka wa sabini na tano, akiwa na fomu za shule ya viziwi ya Tabora. Alikuwa ameandika barua nne kabla ya kuzipata. Mbuke alimsikiliza mlangoni, hakumwambia aketi. Akauliza kama mtoto atakuwa akirudi likizo, atakula nini, atalala na nani. Kisha akamwita Lusesa, aliyekuwa amerudi kutoka Ushetu, akamwambia atie sahihi. Eufrasia akajitolea kumsindikiza mtoto mpaka Tabora.

"Baba yake atampeleka," alisema Mbuke. Baada ya hapo, kama mtu aliyekumbuka adabu, akasema, "Wabeja."

Mbuke alifariki mwaka wa themanini na moja. Eufrasia alikwenda mazikoni, akakaa nyuma kabisa na wanawake wa mbali, akapewa ugali na mchuzi kama wengine. Alipokuwa akinawa mikono, Nyamizi alimmiminia maji. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na hayo ndiyo yalikuwa yote.

Mwaka wa themanini na nne, akiwa ameolewa na ana watoto wawili, alipeleka kitambaa cha gauni kwa mafundi wa cherehani waliokuwa wakikaa barazani kwenye maduka karibu na soko. Fundi aliyekuwa hana kazi wakati ule alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na sita. Alimwonyesha kwa mkono asimame wima. Eufrasia alimtambua kwa macho ya bibi yake.

Scolastika alimpima mabega, kifua na kiuno, akaandika tarakimu kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri wa shule, akachora shingo ya mviringo na shingo ya pembe ili achague. Eufrasia akagusa ya mviringo. Msichana akatikisa kichwa kukubali, akaandika chini yake: Jumatano.

Eufrasia alisimama pale muda kidogo, kalamu ya msichana ikiwa mezani mbele yake na karatasi ina nafasi tele. Hakujua kama mtoto huyu alishaambiwa na watu wa kwao, au kama kwake yeye huyu ni mteja tu aliyekuja na kitambaa cha maua. Mteja mwingine akafika na suruali ya kupunguzwa. Eufrasia akampisha, akashuka barazani. Jumatano alimtuma binti yake kuchukua gauni.